Mazoea si Mkunga

Liko neno moja tulisikialo sana katika nyumba zetu hapa Unguja, mjini na mashamba, nalo hunenwa kwa upole, tena kwa nia njema, hata mtu hadhani kwamba lina ubaya ndani yake. Neno lenyewe ni hili: "Yule amezoea." Hunenwa juu ya mwanamke mwenye mimba ambaye amekwisha kuzaa mara tano au sita au zaidi. Mume hulinena akiulizwa kama amekwisha kutafuta gari. Mama mkwe hulinena akiulizwa ni nani atakayelala na mkaza mwana wake usiku. Jirani hulinena, na wakati mwingine mwanamke mwenyewe hulinena, kwa kuwa aona haya kuomba msaada kwa kazi ambayo watu wote wamekwisha kuamua kwamba kwake si kazi tena. Sisi twasema kwamba neno hili ni la hatari, na leo twataka kulipinga waziwazi mbele ya wasomaji wetu.

Hatusemi kwamba wanaolinena ni watu wabaya. Wengi wao wampenda mama huyo kuliko walivyompenda siku ya arusi yake. Lakini wazee walisema kwamba mazoea yana taabu, na taabu ya mazoea haya ni kwamba humfanya mtu asikitazame tena kitu kilicho mbele ya macho yake.

Tazameni jinsi mambo yanavyokuwa katika mimba ya kwanza. Miezi yahesabiwa na watu wote. Binti hurudi kwa mama yake ukikaribia wakati wake. Kanga hununuliwa, nguo kuukuu hufuliwa na kukunjwa, mkunga huarifiwa, na fedha huwekwa kando. Uchungu ukimshika, nyumba nzima huamka. Akijifungua salama, hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hupewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, wala hagusi ndoo wala chungu mpaka siku arobaini zitimie. Hayo yote ni mema, na wala hatutaki yapunguzwe, maana mimba ya kwanza nayo ina hatari zake.

Sasa tazameni mimba ya saba ya mwanamke yule yule. Hapana anayehesabu miezi isipokuwa yeye. Ukienda Paje au Jambiani wakati wa maji kupwa, waweza kumkuta pwani ameinama akifunga mwani, na tumbo limemfikia kifuani. Ukienda mashamba mengine utamkuta na mzigo wa kuni kichwani. Uchungu ukimshika usiku humwamsha binti yake mkubwa, wala si mumewe, kwa kuwa mume ana kazi asubuhi. Hufunga kanga yake, hupanga watoto wadogo walale vizuri, huacha maneno juu ya unga na juu ya mbuzi, ndipo aanze kujifikiria mwenyewe. Siku ya nne yuko jikoni. Watu wapitao husema, "Mashaallah, huyu ana nguvu," kisha hupita wakaenda zao.

Yatupasa basi kuuliza: je, ni kweli kwamba mtu huzoea kuzaa? Mkono wa seremala huzoea randa, na mguu wa mkwezi huzoea mnazi, kwa maana mkono na mguu hujifunza kwa kurudia. Tumbo la uzazi halijifunzi hivyo. Mtoto akiisha kutoka, na kondo la nyuma likiisha kutoka, mahali lilipokuwa limeshikamana pana mishipa mingi ya damu iliyo wazi. Kinachoifunga ni nyama ya tumbo la uzazi lenyewe, ambayo hujikaza kama ngumi na kuiminya mishipa hiyo hata damu ikakoma. Nyama iliyokwisha kutanuka mara tano, mara sita, mara saba, huweza kuchoka. Badala ya kujikaza hulegea, na damu hutoka kama maji katika mtungi uliopasuka. Kwa sababu hiyo madaktari na wakunga humhesabu mwanamke aliyekwisha kuzaa mara tano au zaidi kuwa miongoni mwa wale wanaostahili kuangaliwa zaidi, nao humshauri ajifungulie hospitali, asijifungulie nyumbani.

Tena si hilo peke yake. Mwanamke ambaye mimba zake zimefuatana mbio mbio mara nyingi ana upungufu wa damu tangu mwanzo, hata damu kidogo itokayo humdhuru kuliko mwingine. Mtoto huweza kukingama tumboni, kwa kuwa misuli ya tumbo imelegea na haimshiki katika njia yake. Kondo la nyuma nalo huweza kujishikiza chini, katika mlango wa mtoto, likatoa damu kabla mtoto hajatoka. Basi neno la kweli juu ya mama wa watoto saba ni kwamba hatari nyingine zimezidi kwake, na sisi tumepunguza uangalifu wetu wakati ule ule ambapo zimezidi.

Wakunga husema kwamba damu ya mzazi ikifika nusu lita imekwisha kuwa jambo la kuogopwa. Nusu lita ni chupa ndogo ya maji ile iuzwayo madukani. Na mwanamke ambaye damu yamtoka kwa wingi bila kuzuiwa huweza kufa katika muda wa saa mbili tu. Pimeni wenyewe. Kutoka Nungwi mpaka mjini ni yapata kilometa 60, na kutoka Makunduchi vivyo hivyo. Iko hospitali Kivunge, na iko hospitali Makunduchi, nasi twashukuru kwa hizo. Lakini gari likianza kutafutwa baada ya damu kuanza kutoka, na fedha zikianza kukopwa baada ya gari kupatikana, na ruhusa ya mume ikianza kutafutwa kwa simu baada ya fedha kupatikana, saa mbili zimekwisha na mgonjwa hajatoka uani. Aliyeko kisiwa cha Tumbatu hana budi kuvuka bahari kwanza. Wala mtu wa mjini asijisifu. Vichochoro vya Mji Mkongwe, vya Mkunazini na Shangani na Malindi, vingi havipitishi gari, na mgonjwa hana budi kuchukuliwa mikononi mwa watu mpaka barabarani. Hospitali ya Mnazi Mmoja yaweza kuwa karibu nawe, na wewe ukawa mbali nayo, kama hujaweka tayari watu wa kukuchukua.

Katika jambo hili watu wa Uzi wangeweza kutufundisha. Kwa miaka mingi njia yao ya kufika Unguja Ukuu ilikuwa ikifunikwa na bahari kila maji yajaapo. Hapana mtu mwenye akili katika kisiwa kile aliyesema, "Bahari nimeizoea, nitapita saa yo yote." Kwa kuwa ameizoea, huuliza kwanza maji yako wapi, kisha huipanga safari yake. Hayo ndiyo mazoea tunayoyasifu: mtu kuijua hatari na kuipimia saa yake. Mazoea yanayohubiriwa juu ya mzazi ni kinyume cha hayo, maana ni mazoea ya kutouliza kitu.

Maandiko nayo yametuonya zamani. Raheli hakufa kwa mtoto wake wa kwanza. Yusufu alikuwa amekwisha kuzaliwa, naye Raheli alikufa njiani, karibu na Efrathi, alipomzaa Benyamini, na mkunga alikuwapo akimtia moyo. Nyumba ya Yakobo ilikuwa kubwa sana: wana kumi na mmoja na binti walikuwa wamekwisha kuzaliwa humo kwa mama wanne, na watumishi wengi, na wingi huo wote haukumwokoa. Tena katika Bara Hindi, Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan, alikufa mwaka 1631 katika mji wa Burhanpur alipomzaa mtoto wake wa 14. Mfalme akamjengea kaburi la marumaru liitwalo Taj Mahal, na watu wa dunia nzima huenda kulitazama. Sisi twalitaja kwa sababu moja tu. Kama kuzaa ni jambo la kuzoeleka, basi mwanamke aliyekwisha kuzaa mara 13 angalikuwa amezoea. Hakuzoea; alikufa, na mumewe aliyekuwa na mali ya ufalme hakupata cha kununua ila mawe.

Twajua majibu tutakayojibiwa, na tuyasikilize moja moja.

Wa kwanza watasema, "Bibi zetu walizaa kumi na wawili juu ya kitanda cha kamba, na mkunga wa mtaa, wakaishi." Ni kweli kwamba wako waliozaa hivyo wakaishi, na hao ndio tuliowakuta barazani wakitusimulia. Wale waliokufa hawakukaa barazani wasimulie. Mtu ahesabuye majahazi yaliyorudi bandarini peke yake, asihesabu yaliyozama, atasema kwamba bahari haina mawimbi. Kumbukeni pia nyumba ngapi tunazozijua ambazo babu alioa tena kwa kuwa mke wa kwanza alikufa uzazini, na watoto wakalelewa na shangazi. Habari hizo zimo katika kila ukoo, ila husimuliwa kwa sauti ndogo.

Wa pili watasema kwamba kufa kwa mzazi ni amri ya Mungu na hapana awezaye kuipinga. Hatubishani juu ya uwezo wa Mungu. Lakini tazameni hesabu. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, vifo vya wazazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila watoto hai 100,000 wanaozaliwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 makadirio yalikuwa 104. Mungu hakubadilika katika miaka hiyo. Waliobadilika ni watu, na dawa, na wakunga, na barabara. Basi tusimtwike Mungu mzigo wa uvivu wetu.

Wa tatu watasema, "Nyumba yetu ina watu wengi, hapana haja ya kupanga, wakati ukifika, watu hawatakosekana." Hili ndilo kosa la nyumba kubwa. Twaishi na bibi, na shangazi, na wifi, na wajomba, na watoto wa ndugu, na kila mmoja adhani kwamba mwingine amekwisha kufikiri. Wifi adhani mama mkwe ana fedha. Mama mkwe adhani mwanawe amekwisha kusema na mwenye gari. Mwanawe adhani mambo ya uzazi ni ya wanawake. Kazi ya watu wote huwa kazi ya hapana mtu. Tena nyumba yenye wakubwa wengi yahitaji ruhusa nyingi, na kila ruhusa yala dakika. Wazee walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo, na methali hiyo hapa haihitaji tafsiri.

Wa nne watasema, "Hata hospitali watu hufa." Jibu hili lina uzito, nasi hatutalikwepa. Mwishoni mwa mwaka 2014 watafiti na wafanyakazi wa Mnazi Mmoja walihesabu watoto waliozaliwa wafu katika hospitali ile, wakaona ni 59 katika kila watoto 1,000. Hawakusema, "Tumezoea." Waliandika maongozi mafupi yanayofaa mahali pale penye wazazi wengi na wakunga wachache, wakafundishana wao kwa wao, na mwaka mmoja baadaye hesabu ilikuwa imeshuka mpaka 39. Hesabu ya 39 bado ni kubwa, na hapana anayefurahi nayo. Lakini waliopungua walipungua kwa kuwa watu wa kazi walikataa kuyaridhia mazoea yao. Kadhalika katika hospitali yapata 80 za Kenya, Nigeria, Afrika ya Kusini na Tanzania, ulifanywa utafiti ambao habari zake zilitangazwa mwaka 2023. Wakunga walimwekea mzazi mfuko wenye alama za kupimia damu, wasikisie kwa macho, na damu ilipozidi walimpa tiba zote kwa pamoja bila kungoja moja ishindwe kwanza. Hatari ya damu nyingi kupita kiasi na ya mambo mabaya yanayoifuata ilipungua kwa 60 katika 100. Basi, wakunga wa hospitali wameacha kukisia. Na sisi wa nyumbani tutakisia mpaka lini?

Sasa twataka kuwageukia watu wengine, maana kosa haliko upande mmoja. Wako wanaomdharau mama wa watoto wengi. Akiingia kliniki husikia neno la kejeli: "Wewe tena?" Akipita njiani husikia kicheko. Na mwanamke aliyeonewa haya mara moja harudi mara ya pili. Hukaa nyumbani akajifungulia huko, kisha watu hao hao hushangaa kwa nini hakufika mapema. Anayemcheka mwanamke huyu ni ndugu yake yule asemaye "amezoea". Mmoja amwacha kwa kumsifu, wa pili amwacha kwa kumdhihaki, na mwanamke huachwa peke yake vile vile. Katika uchunguzi ule wa mwaka 2015 na 2016, wastani wa watoto kwa kila mwanamke wa Tanzania ulikuwa 5.2, na mwaka 2022 ulikuwa 4.8. Wenye watoto watano na sita, basi, ni mama zetu na dada zetu, si watu wa ajabu. Kupanga nafasi ya uzazi ni jambo jema, na Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri ipite angalau miezi 24 tangu kuzaa mpaka kushika mimba nyingine. Shauri hilo lafaa mume na mke walizungumze wote wawili, kwa heshima, kabla ya mimba. Mimba ikiisha kuwapo, wakati wa kulaumu umepita, na wakati wa kutunza umefika.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya kumpokea mtoto, kwa kuwa nyumba impokeavyo mtoto ndivyo imtunzavyo mama yake.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wetu. Baba yake alipokufa mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai, 18 wanaume na 18 wanawake. Binti huyo, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alitoa kitabu cha habari za maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886, naye ameeleza ndani yake desturi za kumpokea mtoto, na jinsi siku ya arobaini ilivyokuwa siku kubwa. Katika nyumba ya watoto 36 mtoto hakuwa kitu cha nadra. Hata hivyo siku zake zilihesabiwa. Lakini tusisahau mikono iliyoichukua kazi ya jumba lile. Ilikuwa mikono ya watumwa. Mzazi aliweza kupumzika kwa kuwa mtu mwingine, asiye na hiari, alichota maji na kupika. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 hali ya utumwa iliondolewa katika sheria ya Unguja. Desturi ya siku arobaini ikabaki, na mikono ile ikaondoka, nasi twashukuru kwamba iliondoka. Swali ni hili: ni nani sasa afanyaye kazi ile? Katika nyumba nyingi jibu ni moja katika mawili: ama hufanywa na mzazi mwenyewe, ama hufanywa na binti yake mkubwa.

Sisi waalimu twalijua jambo hili kwa daftari la mahudhurio. Msichana wa darasa la tano au la sita akikosa wiki mbili mfululizo, mara nyingi hatuna haja ya kuuliza: kwao kumezaliwa mtoto. Kaka yake yuko darasani kama kawaida. Mtoto mchanga amepokewa kwa furaha, na aliyelipa gharama ya furaha hiyo ni dada yake, naye hakuulizwa. Hatukatai kwamba binti amsaidie mama yake. Hiyo ni heshima na elimu. Twakatai kwamba asaidie peke yake katika nyumba yenye watu kumi, huku vijana wenye nguvu wamekaa barazani wakicheza bao.

Tena iko karamu. Jirani zetu Waislamu hufanya akika, nasi Wakristo hufanya karamu ya ubatizo, na wote twala pilau. Karamu ni njema, maana mtoto apewe jina lake mbele ya watu. Lakini twauliza kama ni haki kwamba nyumba iweze kupata fedha za mchele na nyama na viti vya kukodi mwezi mmoja baada ya uzazi, nayo haikuweza kupata fedha za gari usiku wa uzazi wenyewe. Fedha zile zilikuwako. Zilingoja shughuli ambayo watu wangeiona.

Kwa hiyo sisi hatuombi mambo makubwa yanayohitaji serikali. Twaomba nyumba ifanye kwa mimba ya saba yale iliyoyafanya kwa mimba ya kwanza, na zaidi kidogo. Mwezi wa saba usipite kabla watu wa nyumba hawajakaa pamoja, mume akiwamo, wakataja majina. Ni nani atakayekwenda naye hospitali? Mkunga wa mtaa afaa sana kwa kazi hiyo, na heshima yake haipungui kwa kufika mlangoni mwa hospitali pamoja na mzazi. Ni nani atakayebaki na watoto? Ni nani mwenye gari au bodaboda au mashua, na je, amekubali? Fedha ziko mkononi mwa nani? Ni nani katika jamaa waliokwisha kupimwa damu, walio tayari kutoa ikihitajiwa? Na ruhusa itolewe siku hiyo hiyo, mbele ya wote, ili usiku ule mwanamke asingoje neno la mtu aliye safarini. Mpango wa m-mama umeenezwa sasa hata Zanzibar, nao huita madereva wa kawaida mahali gari la wagonjwa lisipopatikana. Nambari yake ibandikwe ukutani mahali ambapo hata mtoto aweza kuisoma.

Simu nayo si anasa katika jambo hili. Mwaka 2009 na 2010 wanawake 2,550 wenye mimba, waliohudhuria vituo 24 vya afya hapa Unguja, waliingizwa katika uchunguzi mmoja. Vituo vingine viliwapa wanawake ujumbe wa kuwakumbusha na fedha kidogo za kupigia mkunga. Vingine havikufanya hivyo. Katika kundi la kwanza, 60 katika kila 100 walijifungua mbele ya mkunga mwenye ujuzi. Katika kundi la pili walikuwa 47. Lakini faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini, na wale wa mashamba haikuwafikia. Twalitaja hilo kwa makusudi, maana wasomaji wetu wengi wakaa mashamba. Ujumbe wa simu hauwezi kumchukua mwanamke mgongoni mpaka barabarani. Watu wa nyumba yake ndio wawezao.

Na mtoto akiisha kufika nyumbani, siku arobaini za mzazi zihesabiwe kikamilifu. Maji yachotwe kwa zamu, na zamu iwe na majina ya kiume pia. Mume asione haya kufua nguo za mtoto uani. Haya ni ya yule anayetazama mkewe akiinama juu ya beseni siku ya nne. Mtoto aliyetolewa titini juzi, ambaye sasa alia kwa wivu, apewe mtu wake wa kumbeba, asirudishwe mapajani mwa mama kila saa. Binti mkubwa arudi darasani Jumatatu. Na mzazi akilalamika kwamba kichwa chamuuma, au ana homa, au damu imeanza upya, hapana mtu amwambie kwamba amekwisha kuyaona hayo mara sita. Apelekwe siku ile ile.

Methali iko isemayo kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Twawaheshimu wazee waliotuachia maneno yao, lakini neno hili twaliweka kando. Kulea mimba ni kazi, na mimba ya saba ni kazi kuliko ya pili, na katika nyumba ya watu wengi kazi hiyo haikuandikiwa mtu mmoja. Basi wewe msomaji, kama nyumbani kwako, au kwa ndugu yako, au nyumba ya pili yake, yuko mwanamke mwenye mimba ambaye watu wamwita mzoefu, usiweke gazeti hili chini ukaenda kulala. Nenda kesho ukamwulize miezi yake ni mingapi, na ni nani atakayekwenda naye. Kama hana jina la kukutajia, mpe lako.